Nilikuwa admin wa grupu la waandishi huku Mtwara, tukampongeza mwenzetu bila kusoma, akaenda Kilambo

Wakuu, salaam.

Kabla sijaanza niseme kabisa kwamba hii siyo simulizi. Simulizi naandika, na wapo humu waliowahi kukutana nazo, lakini hili limenitokea mwenyewe. Nimebadilisha jina moja tu, la mama mmoja. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Ni uzi mrefu kidogo. Kama una haraka pita tu, usikomenti. Mbele mtaelewa kwa nini nasema hivyo.

Naishi Mtawanya. Kazi yangu ni kuuza duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, mali ya familia moja ya Kihindi yenye asili ya Mikindani. Misumari, bati, rangi, koki za bomba. Wateja wakipungua naingiza mkono chini ya kaunta, natoa simu, naandika.

Naandika simulizi za mapenzi na visasi, zile za sehemu ya kwanza mpaka ya sitini. Nilipoanza, wasomaji wangu wote ningeweza kuwaita kwa majina, na wengi wao tulikuwa tunakutana kwenye misiba ya ukoo.

Mnaoandika mtandaoni mnaijua hiyo hali. Unaweka sehemu mpya, unakaa unaitazama simu. Unazima data, unawasha. Kimya. Unaanza kujidanganya kwamba mtandao unasumbua, unampigia shemeji yako umwambie hebu ingia uone kama inafunguka.

Inafunguka. Hakuna anayesoma tu.

Ndipo nikaanzisha grupu, nikaliita Nisome Nikusome. Tulikuwa kumi na wawili, wote wachanga, wengi wa huku huku kusini. Lengo lilikuwa zuri, naomba mniamini. Tusaidiane tukue, kwa sababu msomaji mgeni akikuta komenti sifuri naye anapita.

Kanuni nilizitunga mimi.

Ukiweka sehemu mpya unaleta linki. Wote tunaingia, tunapiga laiki, tunaacha komenti isiyopungua maneno matatu kabla ya magharibi. Nilikuwa na daftari dukani, kurasa za nyuma nimechora mistari, jina na tiki. Ukikosa tiki mara tatu unatolewa, na nilishawatoa wawili bila huruma, nikaingiza wengine.

Kanuni ya mwisho ndiyo niliyojivunia zaidi. HAKUNA STORI NJE YA LINKI. Maana watu walianza kuleta salamu za Ijumaa njema, mara picha za watoto, mara mtu anaumwa jino. Nikapiga marufuku. Linki tu, na iwe na kichwa SEHEMU na namba yake. Kingine chochote nafuta.

Wakuu, ilifanya kazi. Ndani ya miezi mitatu wageni wakaanza kuja, mimi mwenyewe nikaanza kusalimiwa sokoni kwa jina la mhusika wangu. Kichwa kikavimba.

Ila kuna kitu kila mmoja wetu alikijua na hakuna aliyekisema. Hatukuwa tunasoma.

Utasomaje sehemu kumi na moja za watu kwa siku, una kazi, una familia? Kila mtu alikuwa na mbinu yake. Mimi nilikuwa nashuka moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho, nasoma huo, natunga komenti inayofanana nao. Siku moja niliandika "umenichekesha mpaka machozi" kwenye sehemu ambayo mtoto wa mhusika alikuwa anazikwa. Mwenyewe akanijibu asante sana mkuu. Naye komenti yangu hakuisoma.

Aliyekuwa anasoma kweli ni mmoja tu. Nitamwita Da Zuhura.

Da Zuhura ni mkulima wa Ziwani, ana mikorosho yake na mihogo, watoto wameshaolewa na kuoa, mume alikwishatangulia mbele ya haki. Anaandika kwanza kwa kalamu kwenye madaftari ya shule, halafu ndiyo anahamishia kwenye simu, herufi moja moja. Komenti zake zilikuwa ndefu kama barua. Siku moja alinifuata inboksi kwa adabu zote, akaniambia, "Kaka angu, huyu mamaake Salma kwenye sehemu ya nne ulisema Asumini, ya kumi na moja umesema Mwajuma. Nnauliza tu, ni mtu mmoja au wawili?"

Wakuu, nilikasirika! Badala ya kufurahi kwamba kuna kiumbe amesoma sehemu kumi na moja za kwangu, nikamwona mjuaji. Nikamjibu kwa kifupi kwamba atajua mbele ya safari.

Tulionana ana kwa ana mara moja. Alikuja dukani kununua misumari ya bati, akajitambulisha huku anatazama chini. Tukasalimiana, akasema tu, "Ukipata nafasi, sehemu yangu ya sita uisome taratibu." Nikamwambia nimeshaisoma, ni moto sana. Akatabasamu, akachukua misumari yake akaondoka.

Sasa kuna huyu bwana.

Kabla ya hapo, mtu mmoja alinitumia ujumbe. Alijiita Mhariri, akasema anachapa vitabu vya Kiswahili na wasomaji wake wengi wapo ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. "Kaka wewe ni kipaji, kalamu yako ni moto." Nikapiga skrinishoti, namba yake ikiwa pale juu inaonekana, nikaitupa kwenye grupu. Kanuni nikaivunja mwenyewe. Pongezi zilimiminika siku nzima.

Baadaye akaniambia niende Kilambo, pale kwenye kivuko cha mtoni, tuvuke wote ng'ambo nikasaini mkataba. Niende peke yangu, nibebe kitambulisho na maandishi yangu yote, familia nisiiambie kwanza ili iwe sapraizi. Hapo nywele zikanisimama. Ng'ambo kule hali yake mnaisikia, na huku kwetu kila mtu ana ndugu aliyekimbia au jirani aliyepokea waliokimbia. Nikamwomba anitajie kitabu kimoja tu alichochapa. Akanitukana matusi ya nguoni. Nikamblock.

Kwenye grupu sikusema kitu. Wenzangu wakiuliza "mkuu, kitabu vipi?" nilikuwa najibu tupo kwenye mazungumzo.

Basi. Miezi ikapita, tukafika msimu wa kupulizia mikorosho dawa. Jumanne moja Da Zuhura akaleta linki. SEHEMU YA 23. Nikafanya kama kawaida yangu, nikashuka chini kabisa. Mstari wa mwisho ulisema: "Basi ndugu zangu, niende au nisiende?"

Nikasema moyoni, leo huyu mama kaweza. Mwisho wa kuning'iniza hasa! Nikaandika: "Nenda dada! Usituache hewani, sehemu ya 24 lini?" Nikajiwekea tiki kwenye daftari, nikaendelea kupima rangi ya mteja.

Alhamisi asubuhi nakunywa chai nyumbani. Mke wangu, mama Nasma, alikuwa hana bando tangu mwanzo wa wiki, ndiyo kwanza amejiunga. Naomba mjue kwamba mke wangu hasomi simulizi zangu, anasema kuishi na mimi kunatosha. Lakini za Da Zuhura hakosi hata moja.

Nikaona ameacha kutafuna.

"Baba Nasma, wewe huyu mama umemjibu nini?"

"Yupi?"

"Huyu anayewaomba ushauri. Umemwandikia aende? Aende wapi, wewe unakujua anakokwenda?"

Nikachukua simu. Kwa mara ya kwanza nikasoma maandishi ya Da Zuhura kuanzia juu.

Alianza kwa kuomba radhi. Alisema leo hana simulizi, ameweka kichwa na namba ili admin asifute, maana ujumbe wake wa kawaida aliuleta kwenye grupu ukafutwa. Nikakumbuka. Niliufuta kweli, sikuufungua hata kuusoma.

Akaeleza kwamba kuna bwana amemwandikia, anataka kuchapa kitabu chake. Amemwambia afike Kilambo Alhamisi saa nne asubuhi na madaftari yote, kitambulisho, na asimwambie mtu. Yeye anaogopa. Ila ameilinganisha namba ya huyo bwana na ile niliyoiweka mimi, ameona ni ile ile, na admin wetu ni mtu anayejielewa, anazungumza naye mpaka leo. Ndipo akauliza aende au asiende.

Chini yake komenti tisa. Moto sana. Nenda tu shujaa. Twende nalo dada. Na yangu.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Sijawahi kuogopa namna ile, wakuu, hata siku mke wangu alipopata uchungu wa Nasma tukiwa hatuna usafiri.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

Nikaingia kwenye grupu, nikaandika kwa haraka: "Jamani Da Zuhura yuko hatarini, yule mhariri ni tapeli, mwenye namba ya jirani yake yeyote anipe." Unajua nilijibiwa nini? Mmoja akaandika: "Admin, hakuna stori nje ya linki 😂". Mwingine: "Nimekusapoti mkuu, na mimi nisapoti." Na pale kwenye Sehemu ya 23 komenti ya kumi ikaingia nikiwa natazama. Inasubiriwa kwa hamu.

Nikampigia tajiri wangu, nikamweleza, nikaomba ruhusa. Nilitegemea anigombeze. Akauliza, "Huyu mama ndugu yako?" Nikasema hapana, ni mwandishi mwenzangu. Akasema, "Basi nenda, duka nitakaa mwenyewe. Ukifika pale toa taarifa kwa askari kwanza, usijifanye shujaa."

Mama Nasma alishasimamisha bodaboda nje.

Ile njia wanaoijua wanaijua. Vumbi jekundu, makorongo, mikorosho huku na huku, na harufu ya salfa ya watu wanaopulizia. Dereva alikuwa mtu mzima, akaniuliza nawahi msiba wa nani. Nilikuwa napiga simu mkono mmoja, mwingine nimeshika chuma cha nyuma. Kila tukipita mwanamke aliyebeba mfuko nageuza shingo. Nilikuwa najiambia atakuwa amechelewa usafiri, atakuwa ameghairi, atakuwa shambani na simu imeisha chaji. Halafu nakumbuka neno langu, nenda dada.

Tulipokaribia mtoni simu ikatoa mlio. Nikadhani ni yeye. Ulikuwa ujumbe wa mtandao wa ng'ambo unanikaribisha nchi jirani. Watu wa kule wanajua, minara ya wenzetu inaingia mpaka huku. Lakini siku ile ule ujumbe ulinikata maini.

Saa nne ilikuwa imeshapita.

Nikaenda kwa askari kama nilivyoelekezwa. Nikaeleza, nikamwonyesha namba. Akasikiliza vizuri, akasema tushuke wote mtoni. Njiani tukamuuliza mama muuza chai kama amemwona mwanamke mtu mzima mwenye madaftari.

"Nshamwona," akasema. "Mfuko wa salfeti, kauziba na khanga. Kashuka na mwanamme mmoja kavaa miwani. Wameelekea kule chini, siyo hapa watu wanapovukia."

Kule chini. Nilishuka ule ukingo nusu kwa miguu nusu kwa makalio.

Nilimkuta amekaa kwenye mchanga, peke yake, ndala zimelowa, miguu na upindo wa gauni vimejaa tope mpaka magotini. Katikati ya maji kulikuwa na mtumbwi wenye watu wawili unaoelekea upande wa pili. Askari akapaza sauti, wakazidi kupiga kasia.

Nikamwita. Akageuka. Nikaanza kulia, sitawaficha. Mwanaume mzima.

"Umekuja, kaka angu," akasema.

Akatueleza pale pale, askari akiandika. Alipofika, yule bwana alimpokea vizuri, akachukua mfuko wa madaftari akauweka mtumbwini kwanza. Akamwambia apande. Da Zuhura akaingiza mguu mmoja majini, halafu akamwuliza swali. Alimwuliza ni sehemu gani ya hadithi iliyomgusa.

Yule bwana akasema yote, kalamu yako ni moto.

Akamwuliza tena. Pale Mariamu alipokufa, uliona sawa afe au nilikosea?

Yule bwana akasema palimliza sana.

"Mariamu hakufa," Da Zuhura akatuambia. "Mariamu ndiye anayesimulia, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikajua hajasoma. Nikautoa mguu."

Yule bwana akamshika mkono, akavuta. Da Zuhura ni mtu wa jembe, wakuu. Akajitoa. Wakaondoka na mfuko. Madaftari kumi na manne, na ndani yake hadithi ya pili nzima ambayo hakuwa ameweka popote.

Sijui mpaka leo yule mtu alitaka nini hasa. Madaftari hayana faida kwake, nadhani yalikuwa chambo tu, mwenye mali afuate mali yake. Nikifikiria alikokuwa anampeleka silali vizuri. Taarifa ipo kwa wanaohusika, namba haipatikani tena.

Tulipokuwa tunasubiri usafiri wa kumrudisha Ziwani nilimwuliza kitu kilichokuwa kinanichoma. Nikamwambia, Da Zuhura, sisi tulikujibu uende, mimi wa kwanza, ndiyo maana ulikuja?

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Nyie nilijua hamjasoma. Siku nyingi nnajua. Sehemu ya sita niliweka katikati shairi la kumkumbuka marehemu mume wangu, na jina lake. Mkasema moto." Akakung'uta mchanga kwenye khanga. "Huyu bwana nikasema labda yeye amesoma. Nikaona nimfuate nimwulize. Nilitaka mmoja tu."



Grupu nililivunja wiki ile ile. Wengine walichukia, wakaenda kuanzisha lao, kanuni zile zile zangu. Tumebaki watano. Linki moja kwa wiki, tunasoma wote, na kila mtu lazima aulize swali linalotoka ndani ya maandishi. Wasomaji wa nje wamepungua sana, komenti zangu zimerudi kuwa za shemeji. Nina wasiwasi kila nikiweka sehemu, maana sasa najua wanne wanaisoma kweli.

Da Zuhura hayumo kwenye hao watano. Nilimwalika, akasema kwanza anapulizia mikorosho.

Nikakaa nikamwandikia barua ndefu ya kuomba msamaha. Nilieleza kanuni zangu, nikaeleza daftari la tiki, nikaeleza jinsi nilivyoufuta ujumbe wake, na komenti yangu, na safari nzima ya Kilambo. Nikatuma.

Alijibu kesho yake.

"Nimesoma yote, kaka angu. Umeandika vizuri mpaka vumbi la njiani nimeliona. Ila yule bwana ulishamjua ni mwongo, ukatuambia mnazungumza. Kwa nini? Hapo hukuandika."

Nimezunguka na hilo swali wiki tatu. Nimejaribu majibu mengi, yote mazuri, yote nimeyafuta.

Da Zuhura, najua humu unaingia. Nilinyamaza kwa sababu ningesema yule ni tapeli, mngejua hakuna mchapishaji hata mmoja aliyewahi kunitaka. Nilipenda mlivyokuwa mnaniangalia. Nikaona bora nibaki hivyo siku mbili tatu, zikawa miezi, na wewe ukaingiza mguu majini. Sababu ni hiyo tu, nyingine nimeitafuta nikaikosa.

Wakuu, funzo langu ni dogo. Ukimsapoti mwandishi mchanga kwa kumpongeza bila kumsoma hujamsapoti, umemwacha peke yake huku anadhani ana watu. Na ukijua ubaya wa mtu, sema siku hiyo hiyo, hata kama utachekwa.

Karibuni kwenye komenti. Wenye uzoefu na hawa wanaojiita wahariri waseme tuokoe wengine. Na mnaotaka kunitukana mnitukane, nastahili, ila mtaje na aya yenyewe, nijue mmefika.